Dawa tulimeza sote, mbona ngozi ilimtoka mdogo wangu peke yake?

Shikamoo Mama Mfamasia. Ninakuandikia kutoka Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, ni mbeba magunia hapa soko la mahindi. Mwezi wa tatu tulishikwa na kikohozi sote wawili. Jumatatu nikanunua septrini duka la dawa, tukapimiwa kutoka kopo moja, tukagawana. Mimi nilipona kabla wiki haijaisha. Yeye naye alimaliza dozi akarudi kazini. Jumatano ya wiki iliyofuata akapatwa na homa, macho mekundu yanachoma, koo linauma hata mate hayapiti. Tukasema ni malaria, akaanza dawa mseto, na usiku akameza diklofenaki. Ijumaa akaamka na madoa kifuani na midomo imevimba. Jumamosi ngozi ya mgongoni ikawa inatoka vipande vipande, kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Amelazwa Dodoma mjini wiki tatu, sasa yuko nyumbani, ngozi inarudi. Amepimwa VVU, hana. Jirani wanasema alichanganya dawa zikapigana. Wengine wanasema amechezewa na wenzake wa sokoni. Mama anasema dawa zilikuwa feki. Mwenyewe ameapa hataigusa tena dawa mseto. Kwa nini yeye na si mimi? Naomba unijibu, maana mimi ndiye niliyenunua hizo dawa.
*Dada wa mgonjwa, Kibaigwa*

Marahaba mwanangu, na mbukwa kwenu wote hapo nyumbani. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye mstari wa mwisho. Tuumalize huo kwanza. Hukumdhuru mdogo wako. Kununua dawa ya aina hiyo kwa kikohozi ambacho hakijapimwa si vizuri, hilo nalisema kila mwezi kwenye ukurasa huu. Lakini hata kama daktari bingwa ndiye angemwandikia septrini siku ile, hakuna kipimo katika hospitali zetu ambacho kingemwonya kwamba kwa kijana huyu dawa itageuka. Ulimpa ndugu yako kile ulichojipa wewe mwenyewe. Lala usingizi.

Sasa chukua kalenda, maana jibu la nusu ya maswali yako limo humo, na wewe umeniandikia siku kwa uangalifu kuliko wagonjwa wengi wanavyofanya. Septrini ilianza Jumatatu, tuite siku ya 1. Homa, macho na koo vilianza Jumatano ya wiki ya pili, yaani siku ya 10. Dawa mseto iliingia siku hiyohiyo ya 10, lakini iliingia *baada* ya homa, na diklofenaki usiku wake. Madoa yakaonekana siku ya 12. Ugonjwa huu, kwa mtu anayekutana na dawa kwa mara ya kwanza, kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya 4 na siku ya 28 tangu aanze kuimeza. Na hauanzi na ngozi. Siku 1 hadi 3 kabla ya madoa huja homa, macho kuchoma na koo kuuma. Kwa hiyo ile mliyoiita malaria, kwa jinsi ninavyoisoma barua yako, ndiyo iliyokuwa mwanzo wa ugonjwa wenyewe. Dawa mseto ilifika msibani ikakutwa imeketi, watu wakasema ndiyo iliyoua.

Hilo nimelikazia kwa sababu moja. Kijana akibaki anaamini kwamba dawa mseto ndiyo iliyombandua ngozi, mawili yatatokea. Siku akiugua malaria kweli ataikataa dawa ya kumwokoa. Na siku akikohoa tena atanunua septrini bila wasiwasi, na safari hiyo haitasubiri siku 10. Mwili ukishaijua dawa, mara ya pili huweza kulipuka kwa siku moja au mbili. Mpelekeni kwa daktari aliyemtibu na kalenda hiyohiyo mkononi, aithibitishe, aandike.

Ugonjwa wenyewe una majina mawili. Ngozi ikibanduka chini ya asilimia 10 ya mwili unaitwa Stevens-Johnson, kwa ajili ya madaktari wawili wa Marekani walioandika mwaka 1922 habari za watoto wawili wa kiume waliougua hivyo. Ikipita asilimia 30 unaitwa ugonjwa wa Lyell, kwa daktari wa ngozi Alan Lyell aliyeueleza mwaka 1956, naye alisema ngozi ilikuwa kama iliyounguzwa na maji ya moto. Wewe umesema uji. Katikati ya hapo ni mchanganyiko wa yote mawili. Manesi wanakadiria kwa kiganja: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Ni ugonjwa wa nadra sana, watu wachache tu katika kila milioni kwa mwaka, lakini unaua. Mgonjwa aliyebanduka sana hupoteza maji na chumvi kama aliyeungua moto, na vijidudu vinaingia popote. Mdogo wako kurudi nyumbani ni jambo la kumshukuru Mungu, na kuwashukuru wale waliomgeuza kitandani usiku kucha.

Kwa nini yeye? Nitaeleza kwa ungo, maana wewe ni mtu wa Kongwa na ungo unaujua.

Mwili una askari wa doria. Kazi yao ni kuwatafuta wageni wabaya, virusi hasa, vinavyojificha ndani ya chembe za mwili. Ili askari ajue kilichomo ndani, kila chembe huweka mlangoni mwake ungo mdogo na juu yake vipande vya vitu vilivyomo ndani. Askari anapita, anaangalia ungo, akiona mambo ya kawaida anaendelea na safari. Akiona kigeni, anaiua chembe hiyo ili ugonjwa usisambae. Ungo huo wataalamu wanauita HLA. Nyungo hizo hazikusukwa kwa mfumo mmoja. Mtu hurithi nusu ya nyungo zake kwa baba na nusu kwa mama, na mifumo iliyopo duniani ni maelfu. Punje inayoanguka kwenye ungo wangu inanasa kwenye wako.

Dawa, au mabaki yake baada ya kupita kwenye ini, ndiyo punje. Kwa watu wengi inaanguka, haionekani. Kwa wachache inanasa kwenye ungo, au inaubadilisha kidogo, na askari anayepita anauona mlango wa ngozi ya ndugu yake kama mlango wa adui. Hapo anaita wenzake. Wanazaliana kwa siku kadhaa, ndiyo maana kuna ule ukimya wa wiki nzima ambao mgonjwa anajiona mzima, anabeba magunia. Kisha wanaingia kwenye ngozi na kwenye utando wa macho na mdomo, na kuanza kuua. Mwaka 2008 watafiti walipochunguza maji ya malengelenge ya wagonjwa hawa walikuta yamejaa granulisini, protini ambayo askari hao huitumia kuua chembe. Ngozi ya mdogo wako iliuawa na walinzi wake mwenyewe.

Ushahidi wa nyungo ulitoka Taiwan mwaka 2004. Wagonjwa 44 walikuwa wamebanduka ngozi baada ya kumeza kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo hata sisi tunaitumia. Wote 44 walikuwa na ungo wa mfumo mmoja, unaoitwa HLA-B*15:02. Katika waliomeza dawa ileile bila madhara, wenye mfumo huo walikuwa kama 3 katika kila 100. Mwaka uliofuata, watafiti wa hukohuko wakaukuta mfumo mwingine, HLA-B*58:01, kwa waliodhurika na alopurinoli, dawa ya gauti. Ule wa kwanza ni wa watu wa Asia zaidi, ni nadra kwetu. Wa pili upo kwetu Waafrika pia, na wazee wanaoandikiwa alopurinoli wajue hilo. Lakini kuwa na ungo huo si hukumu. Wengi wanao na hawadhuriki. Unatakiwa ungo, na ini, na askari wa aina fulani, vyote vikutane kwa mtu mmoja.

Kwa septrini, ini nalo lina sehemu yake. Ndani ya septrini kuna salfa. Ini huivunja salfa kwa njia mbili: moja salama, nyingine inatoa taka kali zenye kunata kwenye protini za mwili. Kuna watu, tena wengi, ambao kwa kuzaliwa njia yao salama ni ya polepole, hivyo salfa nyingi inapitia njia mbaya. Wengi wao hawapati chochote. Wachache wanapata.

Wewe na mdogo wako mmetoka tumbo moja, lakini kwa nyungo ndugu wawili wana bahati 1 katika 4 ya kufanana kabisa, na bahati hiyohiyo ya kutofanana hata kidogo. Ndiyo maana kopo lilikuwa moja na mambo yakawa mawili.

Utaona sasa kwa nini simkubalii mama kuhusu dawa feki. Dawa feki zipo na zinaua, lakini mara nyingi zinaua kwa kutotibu. Hili hufanywa na dawa halisi iliyo safi. Wala si dozi iliyozidi, alimeza kama wewe. Na kuhusu wenzake wa sokoni, nakuomba uwaendee jirani kwa upole lakini usiwaachie neno hilo lisambae. Vijana wanaobeba magunia pamoja wanategemeana migongo. Mtu akishatuhumiwa hapo, hata ngozi ikirudi, urafiki haurudi.

Umetaja kipimo cha VVU, na nimefurahi umekitaja bila aibu. Wanaoishi na VVU hudhurika na salfa mara nyingi zaidi kuliko wengine, ingawa septrini hiyohiyo imewaokoa maelfu kwa maelfu. Wakubwa wenzangu kazini mtaikumbuka thiasetazoni ya kifua kikuu: ilikuwa rahisi, ikatumika nchi nzima, hadi miaka ya 1990 ilipoonekana hapa Afrika Mashariki kwamba wagonjwa wenye VVU walikuwa wanabanduka ngozi na kufa kwayo, ikaondolewa, ikaingia ethambutoli. Lakini mdogo wako ni mfano kwamba asiye na VVU anaweza kupata. Mtu asiitazame ngozi ya mwenzake akampangia ugonjwa.

Nikuambie nilikojifunzia haya, kwa sababu sikuyajifunza darasani.

Februari 2004 nilikuwa mtoa dawa kwenye dirisha la hospitali moja mkoani humu. Ilikuwa msimu wa zabibu. Wakati ule dawa ya kwanza ya malaria nchini ilikuwa SP, vidonge vitatu kwa mpigo, tangu klorokwini ilipoachwa mwaka 2001. Akaja binti mchuma zabibu, vidole bado vina utomvu, ana homa, ana cheti cha SP. Nikamhesabia vidonge vitatu na kikombe cha maji, ameze mbele yangu. Akaviangalia akaniuliza, "Mwaka jana nilipewa vidonge vya mkojo vikanitoa vidonda mdomoni. Si hivi?" Nyuma yake foleni ilifika kwenye mwarobaini. Nikamjibu, "Hapana mama, hivi ni vya malaria." Akameza.

Siku ya tatu aliletwa kwenye baiskeli, ameketishwa kwa ubavu. Kanga ilikuwa imegandamana na mgongo. Nesi mmoja akaanza kuivuta, yule mwingine mzee akamshika mkono. Tukamlaza kifudifudi, tukalowesha kanga kwa maji ya dripu, chupa baada ya chupa, na kila ilipoachia inchi moja tuliikata kwa mkasi tukaendelea. Ilikuwa kanga ya njano yenye korosho, na jina lake lilikuwa limechapwa kwenye mgongo wa binti, herufi zinasomeka. Ilichukua zaidi ya saa moja. Kope zilikuwa zimeshikana. Daktari alipomaliza akaja dirishani kwangu, hakupandisha sauti, akaniuliza, "Vile vya mkojo, ulimuuliza jina?"

Vilikuwa septrini. Salfa iliyo ndani ya septrini na salfa iliyo ndani ya SP ni watoto wa ukoo mmoja, na ile ya SP ina ubaya mwingine, kwamba ikishamezwa hukaa mwilini wiki kadhaa. Hakuna kuitapika. Binti aliishi. Jicho la kulia lilibaki linaona mwanga tu. Mimi nilikuwa na cheti cha kusomea dawa, ningeweza kujua kwa swali moja la sekunde kumi, na foleni si sababu. Tangu siku ile sijampa mtu kidonge bila kumuuliza.

Ndiyo maana ninachokuomba kwa mdogo wako ni jina. Chukua daftari lake la hospitali, na kwenye jalada la nje, si ndani, uandike kwa kalamu nyekundu: ASIPEWE SALFA: SEPTRINI, SP. Chini yake tarehe na neno moja, *alibanduka ngozi*. Karatasi nyingine ya namna hiyo iwekwe pamoja na kitambulisho chake, mtu wa kubeba magunia anaweza kuumia akafikishwa hospitali hajitambui. Jina aliloandikiwa na daktari ndilo la kuandika. Kama daktari ataongeza jingine, liongezeni.

Ukoo huo una wengine ambao watu hawawajui. Krimu nyeupe ya majeraha ya moto inayouzwa sana madukani, nyingi ina salfa na madini ya fedha. Mtu aliyebanduka kwa salfa anaonekana kama aliyeungua, msamaria mwema anampaka krimu ya moto, kumbe anamwongezea kilekile. Nimeliona hilo. Kuna matone ya macho yenye salfa pia. Dapsoni, dawa ya ukoma ambayo wazee wa Hombolo wanaifahamu vizuri, ni jirani wa ukoo, nayo aikwepe isipokuwa bingwa aseme. Dawa za kukojosha kama lasiksi zina salfa ya muundo tofauti. Hizo haziko kwenye kundi hili kwa kawaida, asinyimwe kwa hofu ikiwa siku moja moyo wake utazihitaji.

Mtu asimwambie "jaribu kidogo tuone". Kwa ugonjwa huu hakuna kujaribu kidogo, wala kuchomwa sindano ndogo ya kupima mkononi. Na macho yake yaendelee kuonwa kliniki ya macho hata kama anasema hayaumi, kwa sababu makovu ya ndani ya kope huja polepole, miezi baada ya ngozi kupona.

Kwa ndugu wengine wa tumbo moja na watoto atakaozaa, hakuna katazo la moja kwa moja, lakini waseme kila wanapoandikiwa salfa: kaka yetu ilimbandua. Dada zako wakiwa wajawazito watapewa SP kliniki na kumeza mbele ya nesi. Waseme kabla ya kumeza.

Na kwa yeyote anayesoma: ukiwa katika wiki ya kwanza hadi ya nne ya dawa mpya, au hadi ya nane kwa zile za kifafa, ukapata homa pamoja na macho kuchoma, vidonda mdomoni au sehemu za siri, au madoa ya ngozi *yanayouma* kuliko kuwasha, simama. Usimeze kidonge kingine cha dawa hiyo wala usiongeze nyingine juu yake. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ubebe dawa zote, hata makopo matupu na bahasha. Malengelenge usiyatumbue, usipake asali wala majivu wala rangi ya zambarau. Jifunike kitambaa safi. Kila siku inayopotea dawa ikiwa bado inamezwa, hatari inapanda. Wanaotumia dawa za kifafa, VVU au kifua kikuu wasizitupe kwa upele wowote tu. Hao waende kwa daktari siku ileile, aamue yeye.

Bahasha hizo ndizo ninazogombana nazo. Unakwenda dukani, unapewa bahasha nyeupe imeandikwa "2x2", basi. Ni dawa gani? Hakuna ajuaye. Mgonjwa akifika kwetu anasema alimeza vya njano, au vile vya rangi mbili. Muuzaji akikupa bahasha isiyo na jina, mrudishie akaandike. Ni haki yako, na kwake ni kazi ya kalamu.

Mwisho kwa upande wako, muulizeni daktari kama aliijaza ile fomu ya njano ya madhara ya dawa. Inakwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao makao yao makuu yapo hapahapa Dodoma, na mgonjwa au ndugu anaweza kutoa taarifa mwenyewe. Habari ya thiasetazoni isingejulikana kama kila hospitali ingenyamaza na mgonjwa wake mmoja.

Mama Mfamasia, mimi ni dereva wa bodaboda, Kondoa. Kila nikimeza SP au septrini linatokea doa jeusi mdomoni, palepale, na jingine sehemu za siri. Linawasha, linachubuka, kisha linabaki jeusi. Hii ni mara ya nne. Mke wangu anasema nimeleta ugonjwa wa zinaa nyumbani. Nimepimwa, hakuna kitu, lakini haamini.

Ndugu yangu, mpe mkeo ukurasa huu asome. Kwa jinsi ulivyoeleza, hilo ni doa la dawa. Wale askari niliowaeleza hapo juu, kwako waliweka kambi sehemu moja ndogo ya ngozi na hawakuondoka. Kila salfa inapopita wanaamka, tena palepale, mara nyingi ndani ya saa chache. Ugonjwa wa zinaa hauji kwa ratiba ya vidonge. Nenda kliniki ya ngozi wakuthibitishie, na safari hii mwende wawili, asikie kwa daktari na si kwako.

Lakini usiridhike kwamba ni doa tu. Umeshalichokoza mara nne, na kila mara linaweza kuongezeka ukubwa au kuongeza wenzake, na kwa wachache huenea mwili mzima. Acha salfa zote, uandike kwenye daftari kama nilivyomwelekeza dada wa Kibaigwa. Doa la namna hii husababishwa pia na doksisaiklini, flajili na baadhi ya dawa za maumivu. Likitokea hujameza salfa, kumbuka ulimeza nini tangu jana yake. Weusi utapungua, ila huchukua miezi mingi. Usipake krimu za kung'arisha.

Mama Mfamasia, mwanangu wa miaka 4 alipewa amoksilini ya maji. Siku ya 5 akatoka upele mwembamba mwili mzima, bila homa, anacheza, ukaisha. Kadi yake imeandikwa "aleji ya pensilini". Je, hatapata pensilini maisha yake yote?
*Mama, Manyoni*

Huenda atapata, mama. Upele wa mtoto mwenye mafua au kirusi kingine aliyepewa amoksilini mara nyingi ni wa kirusi, au ni mwitikio mwepesi usiorudi. Waliowahi kuandikiwa hivyo wakapimwa vizuri hospitalini, takribani 9 katika 10 wameonekana hawana mzio wa pensilini. Na kunyimwa pensilini kuna gharama, mtoto ataishia kupewa dawa kali zaidi na za bei zaidi kwa koo tu.

Mzio wa pensilini tunaouogopa ni wa namna nyingine. Huja ndani ya dakika, mara chache saa moja: mwili kuwasha, uso na ulimi kuvimba, kifua kubana, kutapika, kuzimia. Huo unataka adrenalini ya msuli wa paja papo hapo, nusu miligramu kwa mtu mzima, na dawa za mzio za vidonge hazitoshi. Ndiyo sababu mtu akichomwa PPF, sindano ya pensilini, ninamkalisha kwenye benchi nusu saa, hata kama bodaboda yake inapiga honi nje.

Mtoto wako hakupata hayo, wala homa, wala vidonda vya mdomo, wala malengelenge. Mpeleke kwa daktari wa watoto hospitali ya rufaa na umweleze hivyohivyo ulivyonieleza: siku ya ngapi, upele wa namna gani, alikuwa na mafua au la, ulidumu siku ngapi. Yeye ndiye ataamua kama mtoto apewe tena chini ya uangalizi, hapo wodini, penye adrenalini karibu. Usimjaribishe nyumbani kwa kijiko. Na hadi daktari huyo atakapoyafuta maneno ya kwenye kadi kwa mkono wake, yaache yasomeke.